Upepo umegeuka mchana kisiwani, kilima kikafa na mimi nikatua puani. Nielezeni kilichotokea

rubani_mchanga:

Wakuu habari zenu. Swali langu refu kidogo mnivumilie.

Naruka hengiglaida (lile bawa lisilo na injini, rubani ananing'inia chini yake), bado mchanga, nimesharuka mara 40 na kitu hivi, karibu zote sehemu moja ya bara, kilima kimoja upepo mmoja, ukikuta uko sawa asubuhi basi unaruka mpaka mikono iishe nguvu. Sasa wiki hii niko kisiwani. Ni vilima na mabonde tu, mashamba ya majani yamekatwa na kuta za mawe, ukiwa juu unaona bahari kulia na bahari kushoto, yaani raha mpaka unasahau kuangalia vario, kile kifaa kinacholia kukwambia unapanda au unashuka.

Jana nimeruka mara tatu. Kilima chenyewe kinatazama mashariki, kutoka juu mpaka bondeni ni mita 200, na mgongo wake una urefu kama kilomita mbili. Saa nne asubuhi upepo ulikuwa wa mashariki, kama kilomita 18 kwa saa, laini kama umepigwa pasi. Mara ya kwanza dakika 25 nikashuka mwenyewe. Mara ya pili saa nzima na dakika kumi, naenda naona kivuli cha bawa langu kinapanda ukuta wa mawe kinashuka upande wa pili, kondoo wanakikimbia, mimi nacheka peke yangu huko juu.

Ya tatu ndo yenye kesi. Nimeruka saa sita na nusu mchana. Dakika kumi za kwanza safi, afu vario ikanyamaza, afu ikaanza kulia kile kilio cha kushuka, na bawa likawa linatikiswa ncha moja kama kuna mtu kalishika anachezea. Nikavuta baa, ile fimbo ya kuongozea, nikaongeza spidi, nikaacha kilima nikaelekea mbele, mashariki, nikiwa mita 270 juu ya bonde. Nilishachagua shamba la kutua lakini nikalipita, nikachagua lingine nikafika nalo bado niko juu, nimekuja kupima kwenye ramani ni kama kilomita mbili toka kilimani. Pale nikiwa mita 90 tu, vario ikaanza kuimba. Nikazunguka. Dakika 12 baadaye niko mita 800! Na pale chini hakuna kilima, hakuna shamba jeusi lililolimwa, hakuna mwamba, ni majani tu kama kwingine kote.

Nikala raha zangu, baadae nikarudi kutua palepale chini ya kilima nilipotua asubuhi, nikageuza uso mashariki kama asubuhi. Ardhi ikawa inakuja mbio mbio ajabu. Nikasukuma baa mpaka mwisho, wapi, bawa halikusimama, nimekimbia hatua mbili tatu nikapiga pua chini. Mimi mzima, bomba la pembeni la kushoto limepinda kama upinde.

Naomba kuelimishwa: kilima kilikufaje wakati jua ndo limewaka? Kile kilichoninyanyua katikati ya majani ni nini? Na nifanyeje nisirudie ile aibu ya kutua?

---

bawa_la_zamani:

Pole kijana, bomba linanunuliwa, shingo hainunuliwi.

Kabla sijakujibu nakuuliza mawili. Pwani ya magharibi, ile iliyo nyuma ya kilima chako, iko umbali gani? Na pale ulipopandia, juu yako kulikuwa na mawingu? Kama yalikuwepo yalikaaje, yametawanyika au yamejipanga mstari?

---

rubani_mchanga:

Shikamoo mzee. Pwani ya magharibi iko karibu sana, kama kilomita 4 nyuma ya kilima. Ya mashariki ni mbali zaidi, labda 15.

Mawingu yalikuwepo ndio, na sasa ulivyouliza nakumbuka yalikuwa kama mstari toka kaskazini kwenda kusini. Kuna kitu nilikiona cha ajabu, upande wa magharibi wa mstari kulikuwa na vipande vya wingu vilivyochanika chanika vinaning'inia chini kuliko mawingu mengine, kama pazia bovu. Nilidhani ni mvua nikakaa nayo mbali.

---

bawa_la_zamani:

Marahaba. Basi hilo pazia ndo jibu lako, umeliona kwa macho yako ukalikimbia.

Iko hivi. Asubuhi kisiwa kilikuwa bado baridi, upepo uliokuwepo ni ule wa jumla wa mashariki, unagonga kilima, unalazimika kupanda, na wewe unapanda nao. Jua likishapanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari. Hewa juu ya kisiwa inakuwa nyepesi inanyanyuka, na ile nzito ya baridi ya baharini inaingia kujaza. Sasa kisiwa kina bahari pande mbili, kwa hiyo upepo wa bahari unaingia toka pande mbili. Upande wa mashariki ulikuwa unaenda njia moja na upepo wa asubuhi kwa hiyo hukuona tofauti. Ule wa magharibi ulitoka kilomita 4 tu nyuma yako, ukapanda mgongo kwa nyuma, ukakumwagikia. Kilima hakikufa kijana, kiligeuka! Upande uliokuwa unaruka ukawa ndo upande wa nyuma wa upepo, na nyuma ya kilima hewa inashuka na kujiviringisha, hiyo tunaita rota. Ule mtikiso wa ncha ya bawa ndo mkono wake.

Na ulikuwa na dalili nyingine hukuisoma. Hebu tupige hesabu. Bawa la mwanafunzi linakupa kama 9 kwa 1, yaani kila mita unayoshuka unaenda mbele mita 9 hewa ikiwa imetulia. Umeondoka mita 270 umefika na 90, umepoteza 180. 180 mara 9 ni mita 1,620. Lakini wewe umeenda kama 2,000! Ungekuwa na upepo wa mashariki usoni, wa kilomita 18, na wewe unaruka 40, basi hata kilomita moja ungeifika kwa tabu. Kwa hiyo hizo mita karibu 400 za ziada nani kakupa? Kuna upepo wa kama kilomita 10 ulikuwa unakusukuma mgongoni njia nzima. Ulipolipita lile shamba la kwanza ulipaswa kusema hee, upepo umegeuka, na hapo ungekuwa umeshajua utatua uso wapi.

Sasa kilichokunyanyua. Hewa ya baharini ni baridi na nzito, inaingia chini ya ile ya mashariki kama kabari chini ya gogo. Zinapokutana hamna pa kwenda isipokuwa juu. Hiyo ndo konvejensi. Haihitaji kilima, haihitaji shamba jeusi. Inapanda polepole na ni pana, dakika 12 kwa mita 710 ni kama mita moja kwa sekunde, ndo hulka yake, sio themali, ile hewa ya moto inayopanda kwa nguvu, inayokurusha kama punda. Pazia linatokea kwa sababu hewa ya bahari ina unyevu mwingi, kwa hiyo wingu lake linaanza chini zaidi. Ukiona pazia ujue kwamba mpaka wa hewa hizo mbili uko hapo, kaa upande ule wa hewa kavu, pembeni kidogo ya pazia.

---

kishada_kimekatika:

Maelezo ya mzee yamenyooka. Ila mimi nitasema ambalo mzee kaliacha kwa upole.

We jamaa MITA 90 UNAZUNGUKA??? Na umeruka mara 40 tu? Mita 90 unatakiwa uwe umeshachagua shamba, umeshaangalia nyaya za umeme, umeshatoa miguu kwenye hanesi (ule mfuko wa mikanda unaokushikilia) na unahesabu pembe zako za kutua. Mzunguko mmoja wa bawa la mwanafunzi ukiwa kwenye hewa inayoshuka unaweza kukugharimu mita 30 au zaidi, mawili hayo umebaki na 30 unatazama ukuta wa mawe. Imekubeba safari hii, usiifanye kuwa fani.

La pili kutua. Hiyo sio aibu ni hesabu. Bawa lako linataka hewa ipite juu yake labda kilomita 30 kwa saa ndo libaki linaruka. Upepo wa 15 usoni, ardhi unaiona inakuja kwa 15, unatembea unasimama. Upepo huohuo mgongoni ardhi inakuja kwa 45. Hamna binadamu anakimbia 45 na kilo 30 za bawa mgongoni. Bomba limepinda kwa sababu lilifanya kazi ambayo miguu yako isingeweza.

Mimi mwenyewe nilishawahi kutua hivyohivyo, sijui kama nisimulie, nilipita juu ya ng'ombe wote wamenigeuzia makalio nikaona ni dharau tu, kumbe wanageuzia upepo makalio na mimi naenda nao njia moja. Nilisimamishwa na kichaka cha miiba. Nilichomoa miiba siku tatu.

---

dada_vario:

😂😂 kaka kishada pole na miiba

Rubani mchanga, kabla ya kutua kisiwani tafuta dalili MPYA kila mara hata kama umetua hapo dakika ishirini zilizopita. Moshi kama upo. Bwawa: ule ukingo ambao maji yametulia kama kioo ndo upepo unakotokea, kwa sababu ukingo wenyewe unayakinga, vijiwimbi vinaanzia mbele. Miti inayoonyesha tumbo jeupe la majani. Na kama huoni kitu kabisa, ukiwa bado na urefu wa kutosha piga mzunguko mmoja bila kuurekebisha na uangalie umesogezwa wapi juu ya ardhi, huo mzunguko hauongopi. Na weka magurudumu kwenye baa ya chini, usione haya, wakongwe wengi wanayo na ndo maana bado wana mabomba yaleyale.

Alafu hilo bomba usilinyooshe! Najua unalifikiria goti na kipande cha mbao. Aluminiamu ikishapinda ukainyoosha inabaki na udhaifu palepale na huuoni kwa macho. Bomba jipya, na ukague waya zote na bolti ya kona, na bomba la kati, maana pua ikigonga nguvu inasafiri.

---

nahodha_mstaafu:

Samahanini mimi sio rubani, nilikuwa baharini miaka mingi nimepita tu nikavutiwa. Hayo mnayosema sisi tunayaona toka upande wa pili. Ukiwa majini mchana unakitambua kisiwa kabla hujakiona, kuna mstari wa mawingu umesimama juu yake wakati baharini kweupe kabisa. Na hilo la nyuma ya kilima kwetu ni demani (upande uliokingwa na upepo) na joshini (upande upepo unakotoka) tu, hamna baharia anayepita demani ya kisiwa kirefu karibu na nchi akategemea upepo ulionyooka, unakuja vipande vipande, mara unakupiga kofi toka juu, mara hamna kitu tanga linalala.

Sasa swali langu, kwa nini msirukie kwenye magenge ya pwani, ile miamba mirefu iliyosimama kando ya bahari, moja kwa moja? Pale si upepo wa bahari unagonga genge mchana kutwa, haugeuki?

---

bawa_la_zamani:

Karibu sana nahodha, umesema vizuri kuliko vitabu vyetu.

Uko sahihi kwamba pwani inayotazama upepo haigeuki ovyo. Makapuʻu kwenye kisiwa cha Oahu huko Hawaii watu wanaruka hengiglaida miaka na miaka kwa sababu hiyohiyo, magenge yanatazama pepo za biashara, zile pepo za kudumu za baharini, na pepo hizo zinakuja toka upande huohuo wa bahari, kwa hiyo jua likiwaka upepo wa bahari unaongezea tu badala ya kupingana. Kisiwa cha huyu kijana tatizo lake ni kwamba kilima kinatazama upande mmoja wakati bahari iliyo karibu iko upande mwingine.

Ila genge la pwani lina bei yake na bei ni maji. Ukikosa upepo bondeni unatua kwenye majani, ukikosa pale unatua kwenye mawimbi. Watu wanadhani maji ni laini. Bawa likiingia majini linalala juu yako, wewe uko chini yake umefungwa hanesi kwa karabina (pete ya chuma inayokuunganisha na bawa), nguo inanyonya maji, waya kila upande. Kama lazima uingie majini basi fungua kila buckle, samahani, kila kifungo cha hanesi ukiwa bado angani, ubaki umeshikilia tu, na ukigusa maji utoke kwa ubavuni sio kwa juu. Sheria yangu mimi ni kwamba siendi juu ya maji kama siwezi kurudi nchi kavu na upepo wa usoni, na hesabu yake naifanya na nusu ya kile bawa linachoahidi.

---

kishada_kimekatika:

Na kule kwenye genge usisahau juu yake. Wengi wanaogopa chini tu. Ukitaka kutua juu ya genge ukarudi nyuma kidogo tu ya ukingo unaingia kwenye rota, upepo unakuangusha kwenye majani yanayoonekana mazuri kabisa.

---

dada_vario:

Kuna kitu nataka kuongezea kuhusu vilima vyenyewe sababu amesema kisiwa chake vilima vimejaa. Sio kila kilima kinabeba. Kilima kirefu kama ukuta upepo hauna pa kupita lazima upande. Kilima cha mviringo kimekaa peke yake kama chungu kilichopinduliwa, upepo unazunguka pembeni unaenda zake, unabaki unashangaa mbona upepo upo na vario haisemi. Na pengo kati ya vilima viwili usilikaribie ukiwa chini, pale upepo unabanwa unaongeza kasi unaweza kukunyonya mpaka nyuma.

Ila chungu kina faida moja, Otto Lilienthal aliijua. Yule Mjerumani mwaka 1894 alijijengea kilima chake mwenyewe pale Lichterfelde karibu na Berlin, mita 15 tu, cha mviringo makusudi, ili upepo ukitoka upande wowote ule ana mteremko wa kuutazama. Yaani tatizo lako la jana yeye alilitatua kwa kumwaga udongo. Na yeye alikuwa anaendesha kwa kuhamisha mwili wake kama sisi, tofauti ni kwamba alining'inia kwenye mikono, miguu inapepea, kwa hiyo uwezo wake wa kurekebisha ulikuwa mdogo sana. Tarehe 9 Agosti 1896 kwenye vilima vya Rhinow bawa lilisimama hewani likapoteza nguvu ya kubeba, akaanguka toka kama mita 15, kesho yake akafa. Alikuwa amesharuka kama mara elfu mbili. Huwa nawaambia wanafunzi wangu elfu mbili, wewe na 40 zako vuta baa.

---

rubani_mchanga:

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Ile hesabu ya mita 400 za ziada imeniuma, maana kweli nakumbuka nilijisifu kabisa huko juu kwamba leo bawa linateleza vizuri 🙈

Kaka kishada nimekusikia kuhusu mita 90. Sina utetezi.

Swali dogo: kwa hiyo kesho nikitaka kuitafuta ile konvejensi kwa makusudi, nasubiri mpaka kilima kigeuke ndo niondoke au naondoka mapema?

---

bawa_la_zamani:

Mapema! Ukisubiri kilima kigeuke utaondokea ndani ya rota. Ruka saa nne kama kawaida, kaa juu ya mgongo kwa juu kadiri unavyoweza, macho yako magharibi. Utaanza kuona ukungu kidogo upande wa pwani ya karibu, hewa ya bahari ina ukungu wa chumvi na unyevu, ile kavu iko safi, na kuna siku mpaka wake unauona kama mtu kachora. Ukianza kusogea kuja kwako na vario bado inaimba, panda nayo palepale juu ya kilima maana mpaka lazima upite juu yako kabla haujaenda bondeni, hiyo ndo nafasi yako ukiwa na mita 300 chini yako badala ya 90. Afu unasogea nao kwenda mashariki. Angalia shakwe pia na mbayuwayu, mbayuwayu wanakula wadudu walionyanyuliwa, wakijaa mahali pamoja juu angani basi meza imeandaliwa hapo.

Kama siku hiyo upepo wa mashariki una nguvu sana, kilomita 25 hivi na kuendelea, ule wa magharibi unaweza usiingie kabisa au ukaishia ufukweni. Hapo furahia kilima chako tu.

---

dada_vario:

Na kabla ya yote hayo mtu akushikie waya za pua, ulale kwenye hanesi, uhakikishe karabina imefungwa na uko urefu sahihi juu ya baa. Mawazo yakishakuwa kwenye mawingu ndo watu wanasahau kujifunga, imeshatokea kwa marubani wa maelfu ya saa.

---

rubani_mchanga:

Mrejesho wa siku mbili baadaye. Jana mvua. Leo bomba jipya limefungwa, magurudumu yamewekwa, nimeruka saa nne na nusu. Ukungu niliuona saa sita kasoro, kweli kabisa kama mtu kachora! Nikapanda juu ya kilima mpaka mita 450 toka bondeni, nikasogea nao taratibu kama kilomita tatu, afu ukasambaratika, mawingu yakafunga jua na kila kitu kikalala. Hakuna mita 800 leo.

Kurudi nikapiga mzunguko mmoja juu ya bonde, nikasogezwa mashariki. Bwawa likasema hivyohivyo. Nimetua uso magharibi, natazama kilima, hatua mbili nimesimama. Kondoo hata hawakunyanyua vichwa.

---

kishada_kimekatika:

Makalio yao yalitazama wapi?

---

rubani_mchanga:

Magharibi 😂